Asidi ya suksiniki hospitalini, dukani na nyumbani: mwongozo kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini

Jina hili moja linabeba vitu visivyofanana hata kidogo. Limo ndani ya sindano ya malaria kali, limo kwenye kidonge cha moyo, limo kwenye seramu ya chunusi, na siku hizi limo kwenye makopo ya unga yanayosifiwa katika makundi ya WhatsApp kwamba yanarudisha nguvu, yanaondoa uchovu wa pombe na kuzuia uzee. Msomaji akishasikia kwamba asidi hii iko kwenye dawa ya hospitali, ni rahisi kuamini kwamba na ule unga wa kopo ni dawa pia. Hapo ndipo watu wanapoumia, na ndiyo sababu ya kuandika hatua hizi.

Hatua ya 1: Ijue asidi yenyewe

Ni asidi ndogo yenye kaboni nne, fuwele nyeupe zisizo na harufu, ladha yake chachu. Zamani Ulaya waliipata kwa kuchoma kaharabu, yaani utomvu wa miti ya kale uliogandamana ardhini mpaka ukawa kama jiwe. Leo inatengenezwa viwandani kutokana na mafuta ya petroli, au kwa kuchachusha sukari kwa kutumia vijidudu.

Lakini kiwanda kikubwa kuliko vyote ni mwili wako. Ndani ya kila seli inayotumia oksijeni kuna mzunguko wa hatua za kikemia unaogeuza chakula kuwa nguvu. Hans Krebs aliueleza mwaka 1937. Asidi ya suksiniki ni kituo kimojawapo katika mzunguko huo: inazalishwa, inageuzwa kuwa asidi ya fumariki, na nguvu inapatikana njiani. Hamira nayo hutoa kiasi kidogo cha asidi hii inapochachua sukari, kwa hiyo imo kwenye bia, kwenye mvinyo na kwenye pombe nyingine za kuchachushwa, ulanzi wetu ukiwamo. Kwenye vyakula vya viwandani huandikwa E363, ikiwekwa kwa vipimo vidogo ili kuongeza uchachu. Kiasi hicho cha chakulani hakimsumbui mtu mwenye afya.

Hatua ya 2: Soma jina lote kwenye boksi

Neno utakaloliona kwenye maboksi ya dawa ni succinate, nami hapa nitaliandika suksineti. Likifuata jina la dawa, linakueleza kwamba dawa hiyo imeunganishwa na asidi ya suksiniki. Dawa inayotibu ni lile jina la kwanza. Suksineti ni mpini tu: jembe ndilo linalolima, ila bila mpini hulishiki.

Mpini una kazi yake. Dawa nyingi nzuri haziyeyuki kwenye maji, na kisichoyeyuka hakiwezi kuchomwa kwenye mshipa. Haidrokotisoni ni mfano mmoja. Ikiunganishwa na asidi ya suksiniki na sodiamu inakuwa unga unaoyeyuka mara moja kwenye maji ya sindano, kisha mwilini vimeng'enya vinaukata muungano ule na haidrokotisoni inabaki kufanya kazi yake. Hiyo ndiyo sindano ya kichupa cha miligramu 100 anayochomwa mgonjwa wa pumu aliyezidiwa, au mtu aliyepata mzio mkali. (Kwenye mzio unaoziba koo, adrenalini ndiyo inayotangulia. Haidrokotisoni inachukua saa kadhaa kuanza kusaidia, kwa hiyo isikubaliwe peke yake.) Methilipredinisoloni na kloramfeniko za sindano hutengenezwa kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ukisoma boksi, jiulize kwanza: jina la mbele ni lipi? Kama hakuna jina la mbele, na kilichoandikwa ni asidi ya suksiniki peke yake, ruka mpaka hatua ya 6.

Hatua ya 3: Mgonjwa wako akiandikiwa sindano ya malaria kali

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo asidi hii inapookoa maisha katika mikoa yetu, tena bila jina lake kusomeka kwenye chupa.

Sisi wa milimani hatuugui malaria mara nyingi, na kwa sababu hiyo miili yetu haijajijengea kinga dhidi yake. Mtu wa Makete au Mufindi anapoteremka Kyela, Mbarali kwenye mashamba ya mpunga, au Pawaga, kisha akarudi kwao na kuanza kutetemeka, ugonjwa unaweza kumkimbia haraka kuliko mwenyeji wa bondeni. Degedege, kuchanganyikiwa, kushindwa kukaa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, mkojo mweusi: hizo ni dalili za malaria kali, na tiba yake ni artesuneti ya sindano.

Artesuneti hutokana na artemisinini, dawa iliyopatikana China kwenye mmea wa Artemisia annua katika kazi ya Tu Youyou, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artemisinini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Wanakemia walichukua zao lake na kuliunganisha na asidi ya suksiniki, na upande mmoja wa asidi ukabaki wazi. Upande huo ukikutana na bikaboneti ya sodiamu, unga unayeyuka na unaweza kuingia kwenye mshipa. Ndiyo maana utaona muuguzi anashika kichupa cha unga pamoja na kichupa kidogo cha bikaboneti. Utafiti mkubwa kwa watoto wa Afrika uliochapishwa mwaka 2010, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba watoto waliopewa artesuneti walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto pia.

Wewe ndugu wa mgonjwa, mambo ya kuangalia ni haya:

Mpime uzito mgonjwa au sema uzito wake kama unaujua. Kipimo ni miligramu 2.4 kwa kila kilo, na mtoto wa chini ya kilo 20 anapewa miligramu 3 kwa kila kilo. Ni kweli, mdogo anapewa zaidi kwa kila kilo. Usidhani muuguzi amekosea.

Sindano ya kwanza inachomwa, ya pili inafuata saa 12 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya ile ya kwanza. Hizo tatu ni za lazima hata kama mgonjwa ameamka na kuomba ugali baada ya ile ya kwanza. Asipoweza kumeza baada ya hapo, anaendelea kuchomwa mara moja kwa siku.

Dawa ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja. Inapochanganywa na bikaboneti huwa na ukungu kidogo, kisha inatakata. Isiyotakata inatupwa. Haiwekwi kwenye dripu ikadondoka polepole; inasukumwa kwa sindano.

Akishaweza kumeza, anamaliza dozi kamili ya dawa mseto, ile ALU ya siku tatu. Sindano peke yake haimalizi vimelea wote. Wengi wanaorudi wodini na malaria ileile ni wale walioruhusiwa, wakajiona wazima, ALU ikabaki kabatini.

Halafu kuna jambo ambalo ndugu wengi hawaambiwi. Wiki moja mpaka nne baada ya artesuneti, baadhi ya wagonjwa huvunjikavunjika chembe nyekundu za damu. Akiwa mchovu ghafla, macho yakawa ya manjano, mkojo ukaiva rangi au akapauka viganja, mrudishe kituoni apimwe wingi wa damu. Waambie wazi kwamba alichomwa artesuneti, na tarehe.

Zahanati iliyo mbali na hospitali inaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka sita artesuneti ya kuingiza njia ya haja kubwa. Hiyo ni ya kununua muda wa safari. Usafiri utafutwe palepale, hata homa ikishuka.

Hatua ya 4: Vidonge vyenye suksineti

Metoprololi suksineti ni dawa ya moyo na presha inayotoka kidogokidogo kwa siku nzima, ndiyo maana inamezwa mara moja kwa siku. Iko ndugu yake, metoprololi tatreti, ambayo inatoka haraka na humezwa mara mbili au zaidi. Jina la mbele ni lile lile. Famasi ikikukosea, au ikakwambia “hii nayo ni metoprololi,” muulize mfamasia neno la pili kabla hujalipa. Kile cha suksineti usikisage wala kukitafuna, maana ukikivunjavunja dawa ya siku nzima inaingia kwa mkupuo na mapigo ya moyo yanaweza kushuka vibaya. Kama kina mstari katikati, kinaweza kugawanywa kwenye mstari huo. Usiache dawa hii ghafla hata ukijisikia mzima, na kama una pumu mwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza.

Doksilamini suksineti hupewa kina mama wajawazito wenye kichefuchefu, ikiwa pamoja na vitamini B6, na pia imo kwenye baadhi ya dawa za usingizi na mafua. Inalewesha usingizi. Dereva anayeshuka mteremko wa Kitonga na lori, au kijana wa bodaboda, asiimeze kabla ya kazi, na asiichanganye na pombe.

Erithromaisini ethilisuksineti ni ya kuzingatia kwa sababu ya hesabu: miligramu 400 za aina hii ni sawa na miligramu 250 za erithromaisini ya kawaida. Mzazi aliyezoea namba ya zamani akabadilishiwa aina asipunguze wala asiongeze kwa kukisia.

Ziko nyingine, kama sumatriptani suksineti ya kipandauso na madini ya chuma ya suksineti. Kanuni yake ni ileile ya jina la mbele. Ila vidonge vya chuma vifungiwe mbali na watoto. Mtoto akimeza vingi ni sumu ya kuua.

Hatua ya 5: Kabla ya operesheni

Suksamethoniamu ni dawa ya kulegeza misuli inayotumika thieta ili mtaalamu wa usingizi aweze kupitisha mpira wa kupumulia. Ndani ya dakika moja hivi misuli yote inalegea, ya kupumua ikiwamo, na baada ya dakika chache mwili wenyewe unaivunja na kubaki asidi ya suksiniki na kolini, vitu viwili ambavyo mwili umevizoea.

Kwa wachache haiendi hivyo. Kuna familia ambazo kimeng'enya cha kuivunja dawa hii ni dhaifu, na mgonjwa anabaki amelegea kwa saa kadhaa akisaidiwa na mashine. Kuna wengine ambao joto la mwili linapanda kwa hatari na misuli inakakamaa. Yote mawili hurithiwa. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi anapokuja kitandani jioni ya kuamkia operesheni, mweleze kama mjomba, shangazi au yeyote wa ukoo wenu aliwahi kuchelewa kuamka au kufia thieta, hata kama nyumbani ilisemwa ni mambo ya kishirikina. Mweleze pia kama umeungua moto, umepooza au una ugonjwa wa misuli, maana dawa hii inaweza kupandisha potasiamu ya damu mpaka moyo ukasimama. Ukimweleza, atachagua dawa nyingine. Maumivu ya misuli siku ya pili ni ya kawaida na huisha.

Hatua ya 6: Unga na vidonge vya asidi ya suksiniki peke yake

Wanaouza huanza na jambo la kweli: asidi hii imo kwenye mzunguko wa nguvu wa seli. Kisha wanaruka: ukiimeza, utapata nguvu. Huo mruko hauna daraja. Suksineti iliyoko nje ya seli hupenya ukuta wa seli kwa shida sana, na seli inayohitaji hutengeneza ya kwake kutokana na ugali na maharage uliyokula mchana. Tena wingi wake si heri kila mara. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kiungo kilichokosa damu, kama moyo ulioziba mshipa, hurundika suksineti, na damu ikirudi suksineti ile huungua kwa kasi na kutoa kemikali zinazochoma tishu.

Urusi na nchi jirani zake wanatumia sana dawa na vidonge vyenye asidi hii kwa uchovu, ubongo na pombe. Muuzaji atakutajia hilo. Lakini hospitali zetu haziitumii asidi hii peke yake kama tiba, na hakuna ushahidi imara kwamba inatibu saratani, kisukari au presha. Mwenye kisukari aliyeacha vidonge vyake ili anywe unga huu ananiumiza moyo kuliko mtu mwingine yeyote ninayemfikiria ninapoandika hapa.

Na usalama? Unga safi ni kemikali. Gramu 12 hivi kwenye lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wenye pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ndogo ndiyo kali zaidi) ya takriban 2.7, na gamba la jino huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi. Tumbo lenye vidonda litauona moto. Vumbi lake linawasha pua na koo, na likiingia jichoni linaweza kuleta madhara makubwa. Tena unga wa viwandani, unaokusudiwa kutengenezea plastiki au rangi, haukusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Usinywe pia unga wowote wa duka la pembejeo kwa sababu tu jina linafanana.

Kama bado unataka kununua, fuata haya. Tafuta namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kwenye kinachouzwa kama dawa. Vyakula na vipodozi vilihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, kwa hiyo huko utafute alama ya TBS. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, liache. Muuzaji anayesema linatibu magonjwa zaidi ya matatu, achana naye. TMDA wana ofisi ya kanda Mbeya. Unaweza kwenda kuuliza na kopo mkononi.

Wasiotakiwa kabisa kuijaribu: mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara, mwenye ugonjwa wa figo, mama mjamzito na anayenyonyesha, na watoto.

Hatua ya 7: Seramu ya chunusi

Hapa matumizi yana mantiki kidogo. Maabara imeonyesha kwamba asidi hii inaweza kuzuia baadhi ya bakteria wa ngozi, na bidhaa nyingi huwa na asilimia 1 au 2 tu. Ushahidi kwa watu bado ni mdogo, kwa hiyo tegemea nafuu ya chunusi chache, si kufuta makovu.

Paka tone ndani ya mkono, karibu na kiwiko, usubiri siku mbili. Pasipowasha, anza usoni mara moja kwa siku mbili, mbali na macho na kingo za midomo. Usianze siku moja na asidi ya salisiliki au retinoidi (dawa za ngozi za jamii ya vitamini A). Miezi ya Juni na Julai, baridi inapopasua ngozi Uyole, Njombe na Makete, seramu yoyote ya asidi itachoma kwenye nyufa. Pumzika, paka mafuta mazito mpaka ngozi ijifunge. Jua la milimani nalo ni kali hata kukiwa na baridi, basi vaa kofia au paka kinga ya jua.

Ukiambiwa seramu imechanganywa na krimu nyingine ili “ikung'arishe,” huo ni mkorogo. Zebaki na haidrokwinoni hujificha humo. Usiupake.

Hatua ya 8: Shanga za kaharabu za watoto wanaoota meno

Zinauzwa mtandaoni kwa madai kwamba joto la mwili linatoa asidi ya suksiniki kwenye shanga, nayo inapunguza maumivu. Kaharabu hailainiki kwa joto la nyuzi 37. Inahitaji nyuzi zaidi ya 100. Watafiti waliozichunguza hawakukuta shanga hizo zikitoa asidi ya kufaa kitu. Hatari yake, kinyume chake, ni halisi: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya mtoto wa miezi 18 kunyongwa na mkufu wa aina hiyo akiwa usingizini.

Na kama hapo kwenu mtoto anavalishwa shanga au hirizi shingoni kwa sababu za bibi yake, zungumza na bibi kwa heshima, mhamishie kiunoni au mvue anapolala. Fizi zisugue kwa kidole kilichooshwa, au mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi atafune mbele ya macho yako.

Hatua ya 9: Ikitokea ajali

Jichoni: maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa wazi, kisha hospitali. Usitie maziwa ya mama wala chai. Kwenye ngozi: osha kwa maji mengi na vua nguo iliyoguswa. Ukivuta vumbi: toka nje kwenye hewa. Mtu akimeza unga: asukutue mdomo, anywe maji kidogo kama yuko macho, na asilazimishwe kutapika, maana asidi itaunguza koo mara ya pili.

Nenda na kopo, boksi au hata kipande cha karatasi kilichobaki, ili mhudumu asome jina lote. Akishuku kwamba dawa imekudhuru, mwombe ajaze fomu ya TMDA ya kuripoti madhara ya dawa. Ni haki yako na inasaidia dawa mbovu kuondolewa sokoni. Mtu aliyevimba midomo, anayepumua kwa shida au aliyelegea asisubiri kupambazuke. Atafutiwe usafiri usiku huohuo.